Sado, makande na mpira wa mwanga: jibu kwa wateja wetu wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi

Wiki mbili zilizopita sista mmoja alipiga simu karakanani kwetu hapa Moshi, saa moja asubuhi, chai yenyewe sijaimaliza. "Fundi, mashine imegoma. Inataka ikalibretiwe, na mpira tumeshaupitisha maji." Hapo hapo nikajua kilichotokea.

Mpira wenyewe ni katheta ya nyuzi za mwanga ya kupimia oksijeni ya damu, ile inayoingilia mshipa wa shingo, ikapita moyoni na kutulia kwenye mshipa unaopeleka damu mapafuni. Ukifungua boksi lake utakuta ncha imechomekwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Kikombe kile watu hudhani ni cha kulinda ncha isivunjike safarini. Sicho. Ndicho kipimo cha rejea: monita inatakiwa iitazame ncha ikiwa bado imo mle, kavu, ndipo mpira utolewe na kupitishwa maji ya chumvi. Sista alifanya kama anavyofanya kwa mpira mwingine wowote, maji kwanza. Ncha ikalowa, na rejea ikapotea.

Tulimalizana, lakini kabla hajakata simu aliuliza: "Mbona ile klipu ya kidoleni, ya kupimia oksijeni, hatuikalibreti?" Nilimwahidi jibu lenye nafasi kuliko la kwenye simu, na kwa kuwa wengine wenu mmeniuliza swali hilohilo, naliweka hapa. (Kazi hii ya kukisahihisha kipimo kwa kukilinganisha na rejea, TBS wanaiita ugezi. Wodini sijamsikia mtu akisema ugezi, kwa hiyo nitasema kukalibreti.)

Ndani ya katheta hiyo mna nyuzi za faiba, ndugu wa faiba inayotuletea intaneti, ila hizi ni nyembamba kama uzi wa cherehani. Mmoja unapeleka mwanga kwenye damu, mwingine unarudisha. Monita inawasha taa nyekundu na ya infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, kwa zamu, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Damu iliyobeba oksijeni inarudisha mwanga mwekundu, iliyopungukiwa inaumeza. Rangi ya mwanga hupimwa kwa nanometa: kwenye nanometa 660, ambayo ni nyekundu, himoglobini (ile ya damu inayobeba oksijeni) isiyo na oksijeni humeza mwanga takriban mara 10 ya ile iliyobeba. Ukisogea hadi karibu na nanometa 800, zote mbili humeza sawa. Kwa hiyo monita inalinganisha mwanga wa aina mbili uliorudi, na kutoka hapo inapata asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Kwa mtu aliyetulia, damu ya mshipa ule husoma kati ya 60 na 80%. Ikishuka chini ya hapo, mwili unachota oksijeni nyingi kuliko kawaida kutoka kwenye damu inayoletwa, na daktari hapaswi kungoja.

Sasa twende soko la Mbuyuni. Sado, lile kopo la kupimia nafaka, ikibonyea kitako inakupunja, hilo hata mtoto anajua. Lakini tuseme unanunua vya makande, mahindi sado mbili na maharage sado moja, na vyote vimepimwa kwa sado hiyohiyo iliyobonyea. Umepunjwa wingi, hukupunjwa uwiano. Sufuriani makande yatatoka vilevile, labda yamepungua sahani moja. Ndiyo ujanja wa kutumia taa mbili. Faiba ikijikunja shingoni mwa mgonjwa, au plagi ikiingia vumbi, mwanga mwekundu na wa infraredi hupungua pamoja, kwa kiasi kinachokaribiana. Monita inagawa mmoja kwa mwingine na sehemu kubwa ya hasara inajifuta.

Kwa nini basi ikalibretiwe? Kwa sababu kuna kubonyea kwingine, kule kwenye ncha, ambako hakujifuti. Mwanga ukishatoka kwenye uzi hauendi na kurudi kwa mstari mmoja. Chembe nyekundu za damu zinautawanya, unazungukazunguka, na kidogo tu ndicho kinachoukuta uzi wa kurudishia. Nyuzi zikiwa zimeachana zaidi kidogo, mwanga unasafiri mbali zaidi ndani ya damu, na safari hiyo haiwagharimu mwekundu na infraredi sawa. Hii sasa ni sado inayopunja maharage kuliko mahindi, na makande yameharibika. Ncha iliyosagwa kwa pembe nyingine, gundi iliyozidi, uzi uliosogea kwa upana wa unywele, vyote vinaipa kila katheta tabia yake.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kuipima kila sado kabla ya kuuzia, na ndiyo kazi ya kile kikombe cha plastiki. Ya pili ni kuiandika sado kasoro yake ubavuni, "inapungua kikombe kimoja", ili muuzaji asome na kuongeza. Ya tatu ndiyo naipenda, na ndiyo ngumu: toa sado zote kwenye kalibu moja. Kiwandani nyuzi zinashikiliwa kwa umbali uleule bila kusogea, ncha zinasagwa kwa pembe ileile, na katheta isiyofikia kiwango inatupwa. Monita ikishaijua tabia ya moja imezijua zote. Unafungua boksi, unachomeka, unatumia. Wenye kujua asili za maneno wengi husema kukalibreti kwenyewe kumetokana na qalib ya Kiarabu, mama wa kalibu yetu hii, kwa hiyo sijaenda mbali.

Tatizo la dawa ya tatu ni bei. Shida inatolewa kitandani na kupelekwa kiwandani, na kiwanda hakifanyi bure. Lakini ICU yenye sista mmoja usiku na wagonjwa watano, mimi ningelipia.

Klipu za kidoleni, sista, baadhi zinatumia dawa ya pili. Taa za LED hazitoki zote na rangi moja kamili. Nyekundu moja ina nanometa 658, ya pili 664, na kwenye eneo hilo tofauti ndogo kama hiyo inabadilisha jibu. Watengenezaji wake huficha rezista, kijipande cha kuzuia umeme, ndani ya plagi, na thamani yake ndiyo inayoiambia monita taa za klipu hiyo ni za rangi gani. Nililijua hili kwa aibu. Zamani plagi ya klipu ilivunjika, nikakata ya klipu nyingine mbovu, nikachoma risasi vizuri, waya zote mahali pake. Ikawaka, ikasoma, mteja akashukuru. Ilikuwa inasoma uongo wa asilimia kadhaa, kwa sababu nilikuwa nimempa mtu kitambulisho cha jirani yake. Ndiyo maana leo hatuungi plagi za klipu, hata ukinibembeleza.

Na kile kiwango cha kiwandani cha klipu chenyewe kimepatikana kwa watu wa kujitolea waliopunguziwa oksijeni huku damu yao ikipimwa maabara. Watu gani? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta upungufu wa oksijeni uliofichwa na klipu ukitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Sisi tuko upande gani mnajua. Katheta iliyo ndani ya damu haina ngozi ya kupita, na hiyo ni faida ambayo wauzaji wake hata hawaitaji. Nyie wa kampuni za kupandisha watu mlima Kilimanjaro, ongezeeni na vidole vilivyoganda kambi ya Barafu kule juu na kucha zilizopakwa rangi: namba ya klipu isiamue peke yake nani ashushwe, mtazameni na mtu mwenyewe.

Katheta isiyodai kukalibretiwa bado inadai kukaguliwa. Ncha ikigusa ukuta wa mshipa au ikishika donge la damu, itadanganya bila kujali imetoka kalibu gani. Mgonjwa akitoka damu nyingi au akiongezewa, monita inayouliza himoglobini ipewe ile mpya, si ya jana. Ukiwa na shaka, vuta damu kupitia mpira huohuo uipeleke maabara ulinganishe. Vuta polepole. Ukivuta kwa pupa unanyonya damu iliyokwisha kupita mapafuni, asilimia inapanda, na unaanza kuilaumu mashine.

Sista wangu, kwa ile iliyolowa njia ilikuwa hiyohiyo: sampuli ya damu, majibu ya maabara, yakaingizwa kwenye monita mgonjwa akiwa kitandani. Dakika ishirini tu.

Upande wetu, tunakagua monita, kebo na ile moduli ya mwanga inayopokea plagi ya katheta, na tunasafisha vioo vyake, kwa sababu vumbi la hapa kiangazi halina adabu. Klipu za vidole tunazipima kama zinafanya kazi. Hatuzikalibreti, na kile kifaa cha kupimia tulichonacho hakithibitishi usahihi wake kwenye damu ya mtu, hata kama kuna fundi atakayekuandikia cheti. Mkileta monita, leteni na kebo zake zote, pamoja na ile iliyotupwa kabatini ikisubiri siku yake. Katheta iliyokwisha kutumika msilete, tafadhali. Pigeni picha ya namba zilizo kwenye boksi, inatosha.