Mdogo wangu alirekebisha kwa dakika mbili, mama akacheka

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia saa kumi na moja alfajiri. Mitumbwi inarudi Kibirizi, nasikia injini zake mpaka humu ndani, na mama ameshakwenda mwaloni. Sijalala. Nivumilie kama nitachanganya mambo.

Nimeamua kuacha kujifunza kuandika programu za kompyuta. Nimeshaamua, kwa hiyo usiniambie nisikate tamaa. Hayo nimeyasikia kwenye kila video niliyomaliza bando kuiangalia.

Maisha ya dagaa unayajua. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi haitoki na sisi tunakaa. Halafu mwaka 2024 ziwa likafungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu chanja tupu. Hapo ndipo nilianza kuwaza kazi isiyotegemea ziwa. Mama alipopata zamu yake ya upatu, badala ya kuezeka chumba cha uani akaninunulia kompyuta ya mtumba. Sikumwomba. Naomba hilo ulielewe, sikumwomba.

Nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, miezi mitano, usiku, nikishaanua dagaa. Sikuwa mvivu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na kompyuta ikikataa inakataa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa naweka simu pembeni natafsiri neno moja moja. Kuna siku nzima iliishia kwenye nafasi za mwanzo wa mstari. Huku nimeacha nne, huku tatu, kumbe mistari ya kundi moja lazima ilingane. Hilo niligundua mwenyewe, hakuna aliyenionyesha.

Basi nikataka kumtengenezea mama daftari la madeni, maana wanaochukua dagaa kwa mkopo ni wengi na yeye anawaweka kichwani. Unaandika deni la kwanza, unaandika la pili, inakupa jumla. Nikaweka 15000 na 8000. Ikanipa 150008000. Nilihangaika nayo siku tatu.

Mdogo wangu alikuwa amekuja likizo. Nilikuwa namwonyesha mama, si yeye. Akainama begani kwangu, akaivutia kompyuta mapajani kwake, akaongeza neno la herufi tatu na mabano yake, mahali pawili. Ikatoka 23000. Akasema, "Dada, hiki ni kitu cha siku ya kwanza."

Mama akacheka.

Pengine hakunicheka mimi. Pengine alifurahi tu kuona hesabu imetoka. Lakini alicheka, Shangazi, na mimi nimekaa pale.

Baadaye nilisoma nikaelewa. Kitu chochote unachokiingiza kwa kibodi Python inakichukua kama maandishi, hata kiwe tarakimu, mpaka wewe uiambie kwamba hiyo ni namba. Ndiyo maana ilizibandika tu moja nyuma ya nyingine. Ni jambo dogo na lina maana yake. Ila nimekaa miezi mitano silijui. Sasa kila nikiiwasha kompyuta najiuliza ni mangapi mengine ya siku ya kwanza ambayo mwenzangu anayajua na mimi nimeyaruka.

Na huyo mtoto nimembeba mgongoni. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyebaki kwenye chanja ili yeye asome. Sisemi kwamba namdai. Lakini hicho chuo anachosomea kompyuta kimelipwa na magunia ya dagaa niliyokuwa nayapakia kwenye treni kwa mikono yangu. Ana akili, nampenda, simsimangi. Angeniambia tu kwa nini. Alirekebisha, akanirudishia kompyuta, akatoka nje kuongea na simu.

Kitu cha siku ya kwanza. Mbele ya mama.

Ni wiki ya pili sasa. Mama akikaribia mlango naifungua kompyuta ili anione nasoma. Namdanganya mtu aliyelala chumba kinachovuja kwa ajili yangu. Kuna fundi wa simu kule Mwanga amesema ataichukua, nami nitamrudishia mama hela yake aezeke. Nilitaka kukuuliza tu nimwambie mama kwa maneno gani.

Lakini jana usiku niliiwasha. Nilitaka kuangalia vitu vyangu kabla sijavifuta. Nilikuwa nimeweka majina ya wadaiwa kwenye orodha, nikiomba jina namba moja inaleta la pili. Nikabadili hiki, nikabadili kile. Saa nane usiku ndipo nikaelewa kwamba inahesabu kuanzia sifuri, wa kwanza ni sifuri. Nikaandika sifuri, likaja jina la jirani yetu, yule wa kwanza kabisa kwenye orodha. Nikasimama. Nilifika mpaka mlangoni kwa mdogo wangu, mkono umeshainuka kubisha, ndipo nikakumbuka kwamba hata hili kwake litakuwa la siku ya kwanza. Nikarudi kukaa. Sikulala tena.

Sijui hata kwa nini nimekueleza hilo, maana nimesema naacha.

Shangazi, dada mkubwa anaweza kumwambia mdogo wake "nifundishe"? Mtoto niliyemfundisha mimi kufunga vifungo vya shati? Mama atanionaje? Na yeye akicheka, nitaweka wapi uso wangu? Kama ni jambo la aibu niambie, nimpelekee fundi kompyuta yake. Ila nijibu upesi, mdogo wangu anaondoka na treni wiki ijayo.

Dada mkubwa, Kigoma