Kwa wanangu wauguzi wa jeshi: kabla hujamgusa aliyetoka kambini

Wanangu,

Marahaba. Nimestaafu uuguzi, ila yaliyotokea Bergen-Belsen sitaki nife nayo bila kuwaambia ninyi mnaoweza kupelekwa vitani kesho.

Waingereza waliingia kambi ile ya mateso ya Wanazi, kaskazini mwa Ujerumani, tarehe 15 Aprili 1945. Wakakuta wafungwa kama 60,000, homa ya chawa imetapakaa, na maelfu ya maiti bila kuzikwa. Askari kwa huruma wakagawa vyakula vyao vya makopo. Nani atawalaumu? Lakini mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauhimili shibe ya ghafla, na wengi walikufa baada ya kula. Ninyi mliofunzwa kuanza na F-75, yale maziwa mepesi ya tiba, kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, mnajua kwa nini tunakwenda polepole.

Linaloniuma zaidi ni sindano. Madaktari walitaka kuwalisha kwa mshipa. Wagonjwa wakapiga kelele, wakajikunja. Kambini sindano ilikuwa ya kuulia. Kisha wakapelekwa kwenye zizi la farasi, wakavuliwa nguo, wakanyolewa, wakaoshwa juu ya meza na kupuliziwa DDT, dawa ya kuua wadudu. Ilibidi, chawa wale walikuwa wanaua. Lakini waliowaosha walikuwa wauguzi wa Kijerumani, na lugha ni ile ile waliyoamrishwa nayo kwenda kufa.

Kwa hiyo, mwanangu, keti kwanza, uso wako ulingane na wake. Mwonyeshe mikono mitupu. Mtajie jina lako, umweleze unachotaka kufanya, hata kama hamwelewani. Sauti ya upole inasikika. Osha mkono mmoja, kwingine kukiwa kumefunikwa.

Na ukikuta mkate aliouficha chini ya mto wa kulalia, usiuguse mpaka umemletea mwingine. Mimi nilikosea. Mwaka 1994, katika kambi moja ya wakimbizi kule Ngara, nilitupa ugali uliochacha ambao mama mmoja aliuviringisha kwenye kipande cha khanga. Hakusema neno. Siku mbili hakupokea chakula mkononi mwangu.

Watakufa wengine mikononi mwenu. Belsen walikufa zaidi ya 13,000 baada ya kukombolewa, na wauguzi hawakulala. Msijihukumu. Mwiteni kila mmoja kwa jina lake hadi pumzi ya mwisho. Kule alikotoka alikuwa namba.

Mama yenu, muuguzi mstaafu