Barua kwa Binti Yangu kuhusu Taa za Breki

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Ulinieleza kwa simu kwamba taa tatu za manjano zimewaka kwa pamoja kwenye dashibodi ya Land Rover Discovery, na kwamba fundi amekutaka ununue moduleta nyingine ya ABS, yaani kile kifaa chenye vali kinachodhibiti nguvu ya mafuta ya breki ili magurudumu yasijifunge, kabla hata hajaliinua gari kwa jeki. Nimeona nikuandikie, kwani mambo ya simu husahaulika, nawe unahitaji kuwa na maneno haya mkononi utakaporudi gereji. Usinunue kitu bado.

Kwanza tenganisha rangi. Taa nyekundu inahusu breki zenyewe, na ikiwaka ukiwa njiani huku breki ya mkono imeshushwa, tafuta mahali salama usimame, hata kama ni Thika Road na matatu zinakupigia honi. Zile za manjano, yaani ABS, TC (ya kuzuia magurudumu yasizunguke bure) na HDC (ya kulishikilia gari mteremkoni), zinasema kwamba kompyuta imejitoa kazini: breki za kawaida bado zinashika, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye maji, magurudumu yanaweza kujifunga na gari likateleza, na ukiteremka kilima chenye matope hakuna kitakacholizuia isipokuwa gia na mguu wako. Nyekundu ikiwaka pamoja na ABS, ichukulie kuwa nyekundu.

Nyekundu ikianza kwa kuwaka na kuzima kwenye kona au mteremkoni, mara nyingi ni mafuta ya breki yamepungua na yanacheza ndani ya tanki lake. Hapo wengi hukimbilia kuongeza, nami nakukataza. Pedi zinapoisha, pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, hutoka nje zaidi na mafuta hushuka kuzifuata, kwa hiyo ukijaza leo na kesho ufungwe pedi mpya, yatarudishwa juu, yafurike na kuharibu rangi ya gari. Pima pedi kwanza. Zikiwa bado nene, basi kuna mahali panapovuja: mulika tochi upande wa ndani wa kila gurudumu, fuata mabomba hadi kwenye masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, na usiliendeshe gari mpaka umepaona.

Sasa hizo tatu zako. Gari la toleo lako, Discovery ya pili, lililoundwa kati ya 1998 na 2004, lina sensa moja kwa kila gurudumu, na sensa hiyo haipelekewi umeme, bali huzalisha umeme mdogo yenyewe pale meno ya chuma yanayozunguka na gurudumu yanapopita mbele ya sumaku yake. Bering ikilegea, nafasi kati ya meno na sensa hubadilika, ishara hupotea, na taa zote tatu huwaka kwa kosa la gurudumu moja. Mwambie fundi aunganishe mashine inayoweza kusoma ABS ya Land Rover, kwani zile za bei nafuu nyingi husoma injini tu, kisha akuonyeshe hitilafu iliyoandikwa, nawe uinakili.

Ikitajwa sensa, gari liinuliwe upande huo, plagi ya sensa ichomolewe, mita iwekwe kwenye volti za AC, na gurudumu lizungushwe kwa mkono: namba ipande kadiri linavyozidi kasi. Linganisha na gurudumu la upande wa pili, halafu litikise juu na chini usikie kama limelegea. Jambo moja usimwachie mtu yeyote: breki ya mkono ya gari hili haikamati magurudumu, inakamata shafti inayotoka kwenye gia boksi, hivyo ukiinua gurudumu moja la nyuma gari linaweza kuondoka. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na stendi chini ya eksili.

Ikitajwa vali za moduleta, bado si lazima ununue moduleta nzima, kwa sababu swichi zake zinazochakaa huuzwa peke yake. Uulizie Kirinyaga Road ukiwa na namba ya spea mkononi. Betri nayo ipimwe, maana umeme ukipungua taa hizo huwaka bila kosa lolote kwenye breki.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwa 155 tu, na ukiteremka Mai Mahiu huku umekanyaga breki njia nzima, pedali italainika mguuni. Shuka kwa gia ndogo.

Washa swichi bila kuwasha injini kabla hujaondoka gereji: kila taa iwake kisha ABS, TC na HDC zizime, ingawa baada ya sensa kurekebishwa huenda zikasubiri gari litembee kidogo. Taa isiyowaka kabisa huenda balbu yake imeungua au imetolewa, na hilo silikubali kwa gari utakalopanda wewe. Nitumie hitilafu kama ilivyoandikwa, pamoja na jina la gurudumu, kabla hujalipa.

Baba yako