Majani yale yale, chai nyingine

Bukavu, Jumapili jioni

Yaya Furaha, mkubwa wangu,

Jambo yako, na jambo ya watoto wote hapo Majengo, Mombasa. Sisi huku tupo. Mvua inatunyeshea tangu Jumatano, njia ya kupanda Kadutu ni matope matupu. Mama anakusalimia, mguu wake umepata nafuu. Papa Jules amerudi na ile habari yake imeisha vizuri. Nitakueleza siku nyingine, maana leo kuna jambo moja tu linalonikaa moyoni, nalo ni chai.

Jana wakwe wa Espérance walikuja kwa neno la kwanza la mahari. Watu kumi na wanne. Tangu mwezi uliopita nilikuwa nimeahidi kwamba watakunywa chai kama ile ya Mama Zuhura, aliyetukaribisha huko kwenu. Pakiti niliyotoka nayo Mombasa bado ilikuwa nusu, iliki ipo, mdalasini upo. Nikatwanga tangawizi mbichi ya sokoni, nikaitia kwenye maziwa, nikateleka sufuria kwenye mbabula. Yaya, hata hayajachemka nikaona vipunje vyeupe vinakusanyika kandokando ya sufuria, halafu katikati, na maji ya kimanjano yakajitenga chini yake. Mashanza, maziwa yaliyoganda! Lita tano za maziwa ya Walungu, yaliyokamuliwa alfajiri ile ile. Nilisimama na mwiko mkononi, wageni wanacheka sebuleni, machozi yakanitoka. Mama akaniondoa pale, akachemsha maji, akatia majani na sukari, tukawapa chai kavu na mikate. Wakanywa, wakashukuru. Lakini siyo niliyowaahidi.

Nilimshuku mama wa maziwa, na nimeshamwomba radhi. Leo baada ya misa nimejaribu kikombe kimoja kimoja. Maziwa peke yake yalichemka salama. Maziwa na tangawizi mbichi yakakatika tena, mbele ya macho yangu. Ila tangawizi ikitangulia kutokota kwenye maji kwa muda mrefu, ndipo maziwa yafuate, hayakatiki kabisa. Yule mwalimu anayepanga nyuma yetu aliniambia kwamba tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto mkali ndio unaokimaliza nguvu. Mama Zuhura hakusoma kemia, lakini kwake maziwa hayakukatika hata siku moja kwa miaka mitatu tuliyokaa! Kuna kitu alikuwa anatangulia kukitia, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale kwenye mkeka, nisiangalie.

Basi, haikukatika. Nikanywa. Na bado siyo yenyewe.

Hapo ndipo panaponiumiza kichwa. Majani ni ya pakiti ile ile. Kikombe ni kile chenye maua ya bluu ulichonipa siku ya kuagana. Mwalimu akaenda kuleta kipimajoto. Maji yalikuwa yanaruka kwenye sufuria, mvuke umejaa jikoni, na mshale ukasimama kwenye 95, haukusogea tena. Nikamwambia chombo chake kimeharibika. Akasema hapana, Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka mapema. Kwenu ufukweni yanangoja mpaka 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, inapungua nyuzi moja. Kumbe ndiyo maana na maharage ya huku yanakula makaa namna hii! Nyuzi tano, Yaya. Mara ya mwisho nimeyaacha majani yatokote dakika tano zaidi, rangi ikakolea, uchungu kidogo ukaja nyuma ya ulimi. Imekaribia.

Na maji yenyewe? Unakumbuka ule utando uliokuwa unaelea juu ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, tukidhani vikombe havikuoshwa vizuri? Ni chokaa. Mji wenu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visimani yanapita humo humo. Nilikuwa nauchukia utando ule, leo nimeutafuta kwenye kikombe changu sikuuona.

Wala si lazima mtu aende mbali. Nikivuka mto Ruzizi tu, pale Kamembe, Rwanda, majani ni ya Gisakura na Shagasha, milima inayopata mvua kama hii yetu, lakini wanapika kwa maziwa karibu matupu, na tangawizi inawasha mpaka kifuani. Kikombe kimoja kinakufikisha mchana. Shemeji yako aliyerudi kutoka Istanbul naye anasema huko ni bilauri ndogo, chai nyekundu kutoka birika mbili zilizopandana, na alipoomba maziwa walimwangalia kama mgonjwa. Hiyo nzuri kwa wenyewe, siikatai.

Mimi nataka ile ya saa kumi na moja, mlango wazi, Mama Zuhura anasema «kunyweni kwanza» kabla hajatuuliza tumetoka wapi. Siku ile hatukuwa na mtu mwingine katika mji mzima. Nimewasimulia nyumbani mara nyingi, na nataka waionje, siyo kuisikia tu.

Wakwe watarudi Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Nenda kwake, Yaya, tafadhali, ukae jikoni usimame karibu na sufuria. Anaanza na maji au maziwa? Tangawizi yake ni mbichi, au ni ile kavu ya kutwanga? Sukari inaingia lini? Anaiacha chai ipande mara ngapi kabla ya kuipua? Yale maziwa yalikuwa ya pakiti, au ya yule mtu wa baiskeli? Na je, afya yake ikoje, macho bado yanamsumbua? Anatukumbuka? Yule dada wa Likoni anapanda basi kuja Kigali mwisho wa mwezi. Unaweza kumpa tangawizi kavu, hata konzi mbili?

Nijibu upesi, hata kwa sauti kwenye simu.

Aksanti sana, Yaya.

Mdogo wako,
Nsimire