Neema, kuhusu paka wako Chausiku na lile zulia lako

Tabata, Dar es Salaam
14 Machi

Mwanangu Neema,

Kamwene. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na mdogo wako anasema usirudi bila zabibu za Dodoma.

Juzi kwenye simu uliniuliza mara mbili zulia lako liko wapi, nikasingizia mtandao unakata. Haukukata. Zulia nimelitupa, na ni haki yako kujua kwa nini.

Chumba chako tulikifunga ulipoondoka mwezi wa kumi. Mwisho wa Januari nikaingia kutafuta kile cheti ulichokihitaji. Sikupiga hata hatua tatu, miguu ikaanza kuwaka. Kutazama soksi nyeupe, naona vidoa vyeusi vinaruka. Viroboto! Mama yako akacheka: chumba hakina mtu wala paka miezi mitatu, walikuwa wanakula nini?

Nikamkamata Chausiku, nikamsimamisha juu ya tishu iliyolowa na kumsugua mgongoni karibu na mkia. Zikadondoka chembe kama pilipili manga iliyosagwa, na kila chembe ikachuja wekundu wa kutu kwenye ile tishu. Ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kuliwa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilikwenda duka moja la dawa za mifugo, muuzaji akanipa dawa ya mbwa, akisema mbwa na paka ni kitu kimoja, nipunguze kipimo tu. Nikasoma kwenye chupa: permethrini. Unajua baba yako amekulia Mufindi. Pareto, lile ua la dawa ya wadudu, nimeichuma kwa mikono hii, na nilijua permethrini ni ndugu yake pareto, ndugu wa kiwandani. Nikajiambia, kitu chenye asili ya ua kitamdhuru nani? Nikampaka jioni. Saa nne usiku masikio yalikuwa yanamcheza, mate yanamtoka, na miguu ya nyuma inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Tulimfunga kwenye khanga ya mama yako, tukapanda bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Binti mdogo tu, rika lako. Alimchoma sindano ya kutuliza mtetemeko, kisha akamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Akanieleza kwamba ini la paka haliwezi kuivunja permethrini kama la mbwa linavyoweza, kwa hiyo kupunguza kipimo hakusaidii kitu. Siku mbili Chausiku alikaa kwake. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na mitihani, na pia kwa sababu niliona aibu.

Daktari akaniuliza, "Baba, nyumbani umefanya nini?" Nikamjibu sijafanya kitu, mgonjwa si paka? Akatikisa kichwa. Wale tunaowaona mwilini ni sehemu ndogo mno ya kundi zima. Jike mmoja hufikisha mayai arobaini kwa siku, nayo hayagandi kwenye manyoya, yanamwagika kama chumvi popote paka anapolala. Buu akitoka anakimbia mwanga, anajichimbia kwenye nyuzi za zulia, nyufa za sakafu na mishono ya kochi, akila kile kile kinyesi cha wazazi wake. Halafu anajisokotea kifuko, vumbi linakigandia, na humo ndani anaweza kungoja miezi. Anangoja joto, pumzi, mtikisiko wa hatua. Yaani walikuwa wananingoja mimi, Neema, kwenye zulia ulilomtandikia Chausiku chini ya dirisha. Dawa ya kupuliza haipenyi vizuri kwenye vile vifuko, ndiyo maana watu hupuliza, wakashangilia, na wiki mbili baadaye wanajikuna upya.

Mama yako alitaka paka ahamie nje. Daktari akakataa kabisa. Akishawekewa dawa yake, paka ndiye mtego: kila kiroboto atakayetoka kwenye kifuko atamrukia yeye, na atafia mwilini mwake. Dawa yenyewe ni ya fipronili iliyoandikwa ni ya paka, kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Unatenganisha manyoya nyuma ya shingo, mahali asipofikisha ulimi, unadondosha kwenye ngozi. Mara moja kwa mwezi, angalau miezi mitatu mfululizo. Alipewa pia dawa ya minyoo, maana nilikuwa nimeona vitu kama punje za mchele chini ya mkia, na kumbe tegu huyo paka humpata kwa kumeza kiroboto akijiramba.

Kazi ya nyumba tuligawana. Godoro lako lilikula jua la Februari siku nne, shuka zikafuliwa kwa maji ya moto, mdogo wako akafagia chini ya kitanda kila asubuhi akinung'unika, nami nikaziba nyufa za sakafu kwa simenti. Zulia halikuokoka, lilikuwa limeoza upande wa chini. Usiku niliweka sinia la maji ya sabuni sakafuni, na taa juu yake. Asubuhi ya kwanza nilihesabu kumi na saba. Wiki iliyopita walikuwa wawili, na tangu Jumatatu hakuna. Mama yako naye anamchana Chausiku kwa kitana cha chawa kila jioni, huku anatazama taarifa ya habari, eti paka hamtaki.

Bado sijamaliza, maana masika inaingia na unyevunyevu huu ndio wanaoupenda. Vilevile kuna paka wa mtaani anayelala barazani kwetu kila alasiri, na huyo sijui nimshike vipi.

Tone la tatu ni tarehe 9 Aprili. Utakuwa umeshafika likizo, kwa hiyo utamwekea wewe. Mimi akiniona tu na kichupa anapanda juu ya kabati, na sina la kumwambia.

Baba yako