Mombasa kwa Leaf ya Japani: Hesabu Yuniti, Usihesabu Kilomita

Likizo za shule zikikaribia, swali tunaloulizwa zaidi hapa karakana na wenye Leaf, gari la umeme la Nissan, ni hili: "Fundi, hii Leaf itanifikisha Mombasa?" Itakufikisha. Ila usitegemee ile namba uliyoonyeshwa ukinunua gari, na usidhani kurudi ni sawa na kwenda.

Tuanze na hiyo namba. Leaf ya betri ya yuniti 40 (kWh), iliyoingia sokoni Japani mwaka 2017, ilitangazwa huko kuwa inaenda kilomita 400 kwa chaji moja. Gari hilohilo likapimwa Marekani, likapewa kilomita 243. Kipimo cha Japani cha wakati ule kilifuata mwendo wa pole, wa kusimama na kuondoka. Ukiwa umepita Athi River na spidi ya 100, AC inavuma, watoto nyuma na mizigo hadi kwenye dari, hata hiyo 243 ni nyingi.

Ndiyo maana sisi tunahesabu yuniti, zilezile unazonunua kwa tokeni ya nyumbani. Kando ya geji ya chaji kuna vistari vidogo 12. Hivyo vinaonyesha afya ya betri, si chaji iliyomo, na watu wengi huvipuuza wanaponunua. Vikibaki 10, betri imeshapoteza karibu asilimia 20 ya uwezo wake. Kwa hiyo ile betri ya 40 inakupa kama yuniti 30 za kutumia. Toa 5 za akiba, maana unaweza kufika ukute mahali pa kuchaji hapana stima. Zimebaki 25. Kwa spidi ya 90 gari hili hula takriban yuniti 16 kila kilomita 100, basi una kilomita 150 na ushee kabla ya kusimama. Nairobi hadi Mombasa ni kama 480.

Kwenda kuna nafuu, kwa sababu unateremka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na gari likishuka linakula kidogo, hata linarudishia betri kiasi kila unapoachia pedali ya mwendo. Ukitoka asubuhi betri imejaa, Makindu unafika bila wasiwasi. Kurudi ndiko kunakowachosha watu. Kuinua gari hili na abiria wanne kutoka baharini hadi Nairobi kunakula yuniti nane au tisa za ziada, juu ya zile za mwendo wa kawaida. Kipande cha Mombasa hadi Voi, kilomita 150 hivi, kina mpando usiouona kwa macho, lakini geji inauona. Hapo punguza hadi 80, ukae na malori. Upepo unaolisukuma gari nyuma kwa spidi ya 110 unakaribia kuwa maradufu ya ule wa 80, na hakuna kitu kingine ndani ya gari, hata AC, kinachokula betri hivyo.

Kuhusu kuchaji: Leaf za Japani hutumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Chaja nyingi zinazofungwa sasa ni za CCS2 au za plagi ya Kichina, na hazitaingia kwenye gari lako. Ukiona chaja kwenye ramani ya simu, piga simu siku moja kabla. Uliza plagi ni ya aina gani, kama inafanya kazi leo, na kama wana jenereta. Pia betri ya Leaf hizi za yuniti 24 na 40 haina mfumo wa kuipoza. Ukichaji kwa haraka mara mbili siku moja katika joto la Tsavo, ile ya pili itakwenda polepole sana, na kuilazimisha si kuitendea haki betri.

Kwa sababu hiyo ushauri wetu ni ulale njiani, Voi au karibu na hapo, uchaji usiku kwa soketi ya kawaida ya pini tatu. Ukichaji kwa muda wa saa kumi unapata kama yuniti 20. Lakini angalia hiyo soketi kwanza. Ikiwa imelegea au ina alama ya kahawia pembeni, omba nyingine. Isipokuwa na ethi (waya wa ardhini), kebo nyingi zitakataa kuchaji. Ukilazimika kutumia ekstensheni, ifungue yote chini. Ikiachwa imezungushwa kwenye roli yake inapata joto hadi plastiki inayeyuka. Baada ya nusu saa, gusa plagi kwa mkono. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma, chomoa.

Mwenye Leaf ya zamani ya yuniti 24 iliyochoka, tunamwambia wazi: iache nyumbani, panda treni ya SGR. Gari hilo ni zuri sana kwa mji, na hatutaki tukuuzie huduma itakayokulaza Mtito Andei na familia.

Kwa wengine, tunapima betri kupitia soketi ya OBD (ile ya kusomea kompyuta ya gari), tunajaza tairi hadi presha ya 36, tunakagua kebo, na dashibodi ikiwa bado inaandika Kijapani tunakuonyesha pale penye kipimo cha kilomita kwa yuniti. Kisha tunakwenda nawe Machakos na kurudi, ukiendesha wewe kwa mtindo wako, ili hesabu ya safari itokane na mguu wako. Unaondoka na karatasi yenye vituo vya kwenda na vya kurudi. Ukitaka kusafiri Ijumaa, lilete gari Jumanne jioni. Tunalichaji usiku mzima kabla ya kulipima.