Klachi ya Hilux ya zamani isinunuliwe kwa jina la gari

Ndugu Mhariri,

Kwenye maduka mengi ya spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, klachi, inayounganisha injini na giaboksi, huuzwa kwa swali moja tu: "Ya gari gani?" Mteja akisema "Hilux ya zamani, dizeli", boksi linashushwa na pesa inalipwa. Naomba nafasi katika ukurasa wako niwasihi wenye maduka, mafundi na wenye pikapu waache mtindo huo. Jibu hilo halitoshi kuchagulia klachi, na ikikosewa, mwenye gari ndiye anayelipa giaboksi ishushwe mara ya pili.

Chukua Hilux zilizotengenezwa kati ya 1988 na 1997, ambazo bado zinabeba mkaa, mahindi na saruji kila wilaya. Ndani ya umbo moja kulikuwa na injini za dizeli za 2L (cc 2446) na 3L (cc 2779), na za petroli pia. Giaboksi nazo ni za jamii tofauti: G, W na R. Herufi za modeli zinasaidia kidogo: LN ni injini ya jamii ya L ya dizeli, RN na YN ni petroli. Lakini zinaeleza gari lilivyotoka kiwandani, na pikapu ya umri huo mara nyingi imeshabadilishwa injini. LN106 iliyotoka na 3L leo inaweza kuwa na 5L ya cc 2986, pengine na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo diski ya klachi hubanwa kwake) ya injini nyingine kabisa. Kwa hiyo soma namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Kadi ya gari isikutoshe.

Diski ya klachi inatumikia mabwana wawili. Kipenyo chake cha nje lazima kikubaliane na flaiwili na presha pleti (bamba linaloibana diski kwenye flaiwili), yaani upande wa injini. Meno yake ya katikati lazima yakubaliane na shafti ya giaboksi. Mtu akibadilisha injini na kubakiza giaboksi, au kinyume chake, diski sahihi huenda isiwe ile ya gari wala ile ya injini iliyoletwa. Hapa ndipo kutaja jina la gari kunaposhindwa.

Ndiyo maana napendekeza giaboksi ishushwe kwanza, klachi inunuliwe baadaye. Nenda dukani na diski ya zamani, presha pleti, beringi ya rilizi (inayosukuma presha pleti iiachie diski) na vernia (kifaa cha kupimia milimita). Pima kipenyo cha lainingi (tabaka la msuguano la diski) ukingo kwa ukingo. Hata diski iliyochakaa hupimika vizuri, maana kinacholika ni unene, si kipenyo. Kwenye Hilux za enzi hizo zimetumika diski za milimita 224 na za 236, na tofauti ya milimita 12 jicho haliioni kirahisi diski zikiwa kwenye maboksi mawili. Hesabu meno ya katikati, kisha pima upana wa tundu lenyewe, kwa sababu diski mbili zinaweza kuwa na idadi sawa ya meno na tundu tofauti. Tazama pia kitovu (sehemu ya katikati yenye meno) kimetokeza kiasi gani na upande upi. Kwenye presha pleti, pima umbali kati ya matundu ya bolti yanayotazamana, angalia matundu ya pini za kuongozea, halafu linganisha kimo cha vidole vya springi (ncha za katikati zinazosukumwa na beringi ya rilizi). Beringi ya rilizi ilingane na uma (wenzo unaoisukuma) na mkono wake, na uso wake ukae sawasawa juu ya vidole hivyo.

Tahadhari moja: klachi unayoitoa nayo inaweza kuwa ilifungwa kimakosa na fundi aliyetangulia. Kabla ya kuiamini, tazama alama ya msuguano kwenye flaiwili. Kama diski ilikuwa inaacha ukanda mpana wa nje bila kuguswa, ilikuwa ndogo. Ukirudi gereji na diski mpya, ivalishe kwenye shafti ya giaboksi kabla ya kufunga chochote. Iteleze kwa mkono bila kukwama na bila kucheza.

Kuhusu namba za spea, watu wengi wanadanganyika hapa. Kwa Toyota, 31250 ni diski, 31210 ni presha pleti, 31230 ni beringi ya rilizi. Tarakimu hizo tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa tu. Tarakimu tano zinazofuata ndizo zinazosema ni kifaa cha gari lipi. Muuzaji anayekuonyesha 31250 na kusema "namba ni hii hii" hajathibitisha lolote.

Madhara ya kukosea yanajulikana. Diski ndogo itafunga na gari litaondoka, lakini ukipanda mlima na tani moja mgongoni injini itapiga kelele huku mwendo ukishuka, na harufu ya kuungua itafuata. Kitovu kilichotokeza kupita kiasi, au diski iliyogeuzwa, hugonga bolti za flaiwili; klachi haiachii na gia ya nyuma inasaga. Vidole vya kimo kisicho sahihi huifanya klachi ishike pedali ikiwa chini kabisa, au isiachie. Fundi atahangaika kurekebisha pedali wiki nzima, na tatizo liko ndani.

Klachi sahihi nayo huharibiwa na ufungaji wa haraka. Flaiwili yenye nyufa au madoa ya bluu ya joto isifunikwe na diski mpya. Ipelekwe kwenye lezi (mashine ya kuchonga chuma), na mzunguko wake usiyumbe zaidi ya milimita 0.1. Oili sili ya nyuma ya injini na ile ya mbele ya giaboksi zikaguliwe wakati huo huo, kwa kuwa tone la oili kwenye lainingi linaua kazi yote. Badilisha beringi ya pailoti (inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi), ni bei ndogo. Futa mafuta ya kuzuia kutu kwenye uso wa presha pleti mpya. Grisi kwenye meno iwe ya kupaka tu, ikizidi itarushwa kwenye diski. Tumia kifaa cha kuweka diski katikati, kaza bolti za presha pleti kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi Nm 19. Na tafadhali, giaboksi isiachwe ikining'inia kwenye diski kwa shafti yake: kitovu kinapinda, na gari linatetemeka kila linapoondoka. Lawama huangukia spea.

Kuna pia klachi zinazobadilishwa bila kosa lolote. Pedali ikizama au gia zikiingia baada ya kupampu pedali tu, anza na silinda ya juu na ya chini za klachi, zinazopeleka msukumo wa pedali kwa mafuta: raba, uvujaji na hewa kwenye mafuta ya breki. Mchezo wa pedali uwe kati ya milimita 5 na 15. Ukizimaliza hizo ndipo ufikirie kushusha giaboksi.

Ombi langu kwa wenye maduka ni hili. Ruhusuni boksi lifunguliwe na diski ipimwe kabla ya malipo. Andikeni kwenye risiti kipenyo, idadi ya meno na namba kamili ya spea, siyo "klachi Hilux". Pokeeni klachi iliyorudishwa ikiwa haijafungwa wala kupakwa grisi. Waagizaji nao wachapishe vipimo hivyo nje ya boksi, kwa namba zinazosomeka. Vernia moja kwenye kaunta ni gharama ndogo, na dereva wa Mbeya au Kitale aliyetuma pesa kwa simu hana njia nyingine ya kujua anatumiwa nini.

Fundi wa magari,
Dar es Salaam